Mwingereza na Nchi Yake: Historia ya Uzalendo Uliofunikwa

Katika madarasa yetu ya Kiswahili, neno Mwingereza ni miongoni mwa maneno ambayo mwalimu huyatamka bila kusita, na mwanafunzi huyapokea bila kuuliza. Tunasema kwamba Uganda ilitawaliwa na Waingereza, kwamba Livingstone alikuwa Mwingereza, na kwamba Victoria alikuwa malkia wa Uingereza. Yote hayo yanaeleweka, wala hatukusudii kumkataza mtu kusema hivyo. Lakini mwalimu wa lugha hana budi kuijua mipaka ya maneno anayoyafundisha, na neno hili lina mpaka uliofutika. David Livingstone alizaliwa Blantyre, katika Uskoti, mwaka 1813. Alexander Mackay, yule fundi na mmisionari aliyefika Buganda mwaka 1878, alikuwa Mskoti vile vile. Henry Morton Stanley alizaliwa Denbigh, katika Welisi, mwaka 1841. Tukitafuta Mwingereza hasa katika historia ya lugha yetu, afadhali tumtaje Edward Steere, askofu wa Unguja, aliyezaliwa London mwaka 1828, na ambaye kazi zake za sarufi na za kukusanya hadithi zingali zinakumbukwa na walimu wa Kiswahili.

Hapa kwetu Uganda mpaka huo ulifutika kwa namna ya ajabu zaidi. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Waganda walioingia dini ya Kiprotestanti waliitwa Bangereza, na wale walioingia dini ya Kikatoliki wakaitwa Bafaransa, kwa kuwa ndivyo walivyojulikana wamisionari waliowafundisha. Tarehe 24 Januari 1892 vyama hivyo viwili vilipigana pale Mengo, naye Kapteni Lugard, aliyezaliwa Madras katika Bara Hindi, akawasaidia Bangereza kwa bunduki ya Maxim. Hebu tutazame jambo hili vizuri. Watu waliozaliwa Buganda, ambao wengi wao hawakupata kuiona London, walipigana na ndugu zao chini ya jina la Mwingereza, na mmoja wa waliowafundisha dini iliyowapa jina hilo alikuwa Mskoti.

Basi twauliza: huyo Mwingereza mwenyewe, aliyezaliwa na kukulia katika nchi inayoitwa hivyo, yeye hulichukuaje jina lake? Huliadhimisha vipi? Na kwa nini mpaka leo wengi wao huona haya kuitundika bendera yao mbele ya nyumba zao? Ili tuelewane, katika makala haya tutatumia jina Uingereza kwa nchi ile moja tu yenye London, York na Canterbury. Jina Britania tutalitumia kwa dola nzima inayoziunganisha Uingereza, Uskoti, Welisi na Ayalandi ya Kaskazini. Wasomaji watakubali, tunatumaini, kwamba bila ya kutenganisha majina hayo mawili habari yenyewe haiwezi kusimulika.

Taifa lililotanguliwa na jina lake

Mwaka 731 mtawa mmoja aitwaye Bede, aliyeishi katika nyumba ya watawa huko Jarrow, kaskazini mwa nchi, alimaliza kuandika kwa Kilatini historia ya kanisa la watu wa Uingereza. Wakati ule hapakuwa na mfalme mmoja wa nchi hiyo. Palikuwa na falme kadhaa, kama vile Northumbria, Mercia na Wessex, na aghalabu zilikuwa zikipigana. Hata hivyo Bede aliwataja watu wa falme hizo kana kwamba ni watu wamoja wenye jina moja. Ilipita karibu miaka 200 kabla ya mfalme Athelstan, mnamo 927, kuziweka falme zote hizo chini ya mkono wake. Kwa hiyo jina lilitangulia dola. Watu walijulikana kuwa Waingereza kabla ya kuwa na nchi moja iitwayo Uingereza.

Kisha ukaja mwaka 1066. William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari na kumshinda mfalme Harold karibu na Hastings, na mamlaka yote yakaingia mikononi mwa wageni. Kwa muda wa miaka kama 300 lugha ya wakubwa ilikuwa Kifaransa, lugha ya kanisa na ya maandiko ikawa Kilatini, na Kiingereza kikabaki kuwa lugha ya mkulima, mchungaji na mpishi. Mwenyeji aliyeshtakiwa aliweza kusimama mbele ya hakimu, akahukumiwa, asielewe hata neno moja la kesi yake mwenyewe. Hali hiyo wasomaji wetu hawana haja ya kuelezwa kwa kirefu, maana Afrika nayo imeijua.

Mwaka 1362 ilipitishwa sheria iliyoagiza kwamba kesi katika mahakama za mfalme ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakifahamu Kifaransa. Jambo la kuchekesha ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, kwani mkono wa karani haubadiliki kwa siku moja. Mwaka 1399 Henry wa Nne alipokitaka kiti cha ufalme mbele ya bunge, alisema kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata alikufa mshairi Chaucer, aliyekuwa ameonyesha kwamba lugha ya mpishi inaweza kubeba fasihi. Tukiulizwa Waingereza walianza lini kujiona kuwa taifa, sisi walimu wa lugha tungejibu kwamba hatua moja kubwa ilikuwa siku lugha yao ilipotoka jikoni ikaingia barazani.

Mtakatifu aliyekuwa mgeni

Kila taifa hujitafutia ishara. Waingereza walimchagua Mtakatifu George, na sikukuu yake ni tarehe 23 Aprili. Bendera yao ni msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Lakini George hakuwa Mwingereza. Mapokeo yanasema kwamba alikuwa askari wa dola ya Kirumi, mwenye asili ya Kapadokia katika nchi ya Uturuki ya leo, na kwamba aliuawa kwa ajili ya imani yake mnamo mwaka 303, katika mateso ya Kaisari Diocletian. Kaburi lake huheshimiwa huko Lod, katika Palestina ya kale. Habari ya joka aliloliua kwa mkuki ilizuka karne nyingi baada ya kufa kwake. Wala Waingereza hawako peke yao katika kumheshimu. Anaheshimiwa Georgia, Ureno na Katalunya, na jirani zetu wa Ethiopia walimchongea kanisa zima katika mwamba huko Lalibela.

Hapo kwanza Waingereza walikuwa na watakatifu wa damu yao, kama vile mfalme Edmund aliyeuawa na Wadenmark mwaka 869, na mfalme Edward aitwaye Muungamaji aliyekufa mwanzoni mwa mwaka 1066. Lakini wafalme wapiganaji walimpenda askari. Mnamo mwaka 1348 Edward wa Tatu aliunda shirika la mashujaa wa Gata, akaliweka chini ya ulinzi wa George, na kanisa lake likawa katika ngome ya Windsor. Baada ya Henry wa Tano kuwashinda Wafaransa pale Agincourt tarehe 25 Oktoba 1415, sikukuu ya George ilipandishwa cheo ikawa miongoni mwa sikukuu kuu za nchi. Karne mbili baadaye siku hiyo ilipata heshima nyingine, kwa kuwa Shakespeare alikufa tarehe 23 Aprili 1616, na kwa mapokeo husemwa kwamba alizaliwa tarehe hiyo hiyo mwaka 1564.

Twaomba wasomaji waushike mfano huu, maana tutaurudia. Mtu ambaye Waingereza wamekuwa wakimwadhimisha kwa muda wa karne nyingi kuwa mlinzi wa nchi yao ni mgeni, na hatujui kwamba aliwahi kukanyaga ardhi yao. Alikuwa wao kwa sababu walimchukua akawa wao.

Jinsi jina lilivyofunikwa

Welisi iliunganishwa na Uingereza kwa sheria za miaka ya 1536 hadi 1543. Mwaka 1603 mfalme wa Uskoti alirithi pia kiti cha Uingereza, na tarehe 1 Mei 1707 mabunge ya nchi hizo mbili yakawa bunge moja. Ayalandi iliingizwa mwaka 1801, na sehemu yake kubwa ikajitoa mwaka 1922. Katika muungano huo Uingereza ilikuwa mkubwa mno kupita wenziwe. Hata leo katika kila watu 10 wa Britania, zaidi ya 8 hukaa Uingereza.

Mtu angedhani kwamba aliye mkubwa atalitangaza jina lake kwa sauti. Mambo yalikwenda kinyume. Waskoti, Wawelisi na Waayalandi walishika majina yao kwa nguvu, wakiogopa kumezwa. Mwingereza hakuwa na hofu hiyo, kwa hiyo hakuona haja ya kujitenga na jina la wote. Alisema Britania akiwa na maana ya Uingereza, na alisema Uingereza akiwa na maana ya Britania, wala hakujali tofauti. Katika karne ya 18 sikukuu ya George ilififia pole pole. Wimbo maarufu wa kuisifu Britania itawalayo bahari ulitungwa mwaka 1740 na James Thomson, ambaye alikuwa Mskoti. Wimbo wa kumwombea mfalme, ulioimbwa katika majumba ya michezo ya London mwaka 1745, haukutaja Uingereza. Ulimwombea mfalme, ambaye wakati ule alikuwa akipingwa kwa silaha kutoka upande wa Uskoti. Mpaka leo Uingereza haina wimbo wake rasmi wa taifa. Wachezaji wake wa mpira huimba ule wa Britania nzima. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2010 watu walipiga kura kuchagua wimbo wa timu ya Uingereza, wakachagua shairi la William Blake liitwalo Jerusalem, lililotiwa muziki na Hubert Parry mwaka 1916. Yaani wimbo wanaoupenda zaidi umepewa jina la mji wa mbali wa mashariki.

Ufalme ulipoenea duniani, jina la Mwingereza lilizidi kufunikwa. Tangu mwanzo wa karne ya 20 ilikuwako Siku ya Dola, iliyoadhimishwa tarehe 24 Mei, siku aliyozaliwa Malkia Victoria. Watoto wa shule katika makoloni walipanga mistari, wakapiga saluti mbele ya bendera na kuimba. Mwaka 1958 jina lake liligeuzwa likawa Siku ya Jumuiya ya Madola. Watawaliwa walifundishwa kuisherehekea dola, lakini wenye nchi kubwa ya dola hiyo hawakuwa na siku ya kusherehekea kwao kwa kiasi hicho. Kumbukumbu moja ya George iliyotufikia hata sisi ni ile ya maskauti. Baden-Powell alimfanya George kuwa mlinzi wa chama chake, na maskauti wengi hukumbuka ahadi yao siku ya 23 Aprili. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa Nyeri, katika nchi ya Kenya.

Haya ya kujisifu

Pamoja na sababu hiyo ya kisiasa iko sababu ya tabia. Kwa muda mrefu Waingereza wenye elimu wameshuku sauti ya anayejisifia nchi yake. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na methali hiyo ingeweza kuandikwa juu ya milango ya nyumba nyingi za Uingereza. Watatu katika waandishi wao waliichunguza shaka hiyo, na yafaa tuwataje.

Wa kwanza ni Daniel Defoe. Mwaka 1701 alitoa shairi refu la kejeli juu ya yule anayejiita Mwingereza halisi. Wakati huo mfalme alikuwa William wa Tatu, Mholanzi, na watu walinung'unika kwamba wanatawaliwa na mgeni. Defoe aliwajibu kwa kuwahesabia mababu zao: Warumi, Wasaksoni, Wadenmark, Wanormani na wengineo, akaonyesha kwamba taifa lao ni mchanganyiko tangu mwanzo na kwamba Mwingereza wa damu safi ni kiumbe wa kuwaziwa tu. Shairi hilo lilisomwa mno katika siku zake. Taifa lililoweza kulipokea kwa kicheko lilikuwa na afya fulani ya moyo.

Wa pili ni Samuel Johnson, mtunga kamusi, ambaye kwa hiyo ni ndugu yetu wa kazi. Mwaka 1774 aliandika kijitabu cha kutofautisha mzalendo wa kweli na mzalendo wa uongo, na mwaka uliofuata alisema maneno makali, ambayo yamerudiwa hata yamechakaa, juu ya wahuni wanaokimbilia kujificha chini ya neno hilo. Wengi wanaomrudia husahau kwamba Johnson aliipenda nchi yake. Aliyemchukia ni yule aliyeifanya nchi kuwa ngao ya maovu yake.

Wa tatu ni George Orwell, aliyezaliwa Bara Hindi mwaka 1903 na kutumikia upolisi wa dola huko Burma. Mwaka 1941, ndege za Wajerumani zilipokuwa zikiishambulia London, alitoa insha juu ya tabia ya watu wake, akawalaumu wasomi wa nchi yake kwamba waliona aibu kuwa Waingereza. Mwaka 1945 alitenga maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kwa maelezo yake, uzalendo ni kupenda mahali fulani na maisha ya mahali hapo bila kutaka kuwalazimisha watu wengine wayafuate, ilhali utaifa ni uchu wa kutafuta nguvu na heshima kwa ajili ya kundi ambalo mtu ameamua kujizamisha ndani yake. Tofauti hiyo yafaa kuingizwa katika madarasa yetu, kwa kuwa katika Kiswahili pia maneno haya mawili hutumiwa ovyo.

Juu ya hao twamwongeza mtu asiyekuwa mwandishi. Edith Cavell, muuguzi kutoka kijiji kimoja cha Norfolk, alikuwa Brussels wakati Wajerumani walipoiteka Ubelgiji katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Aliwauguza majeruhi wa pande zote, na aliwasaidia askari wapatao 200 kutoroka. Alihukumiwa, akapigwa risasi alfajiri ya tarehe 12 Oktoba 1915. Usiku ule wa mwisho alimwambia kasisi kwamba ameona kuwa uzalendo hautoshi, na kwamba haifai awe na chuki au uchungu juu ya mtu yeyote. Maneno yake yalichongwa kwenye sanamu yake karibu na uwanja wa Trafalgar katika London mwaka 1924. Kwa hiyo leo, watu wakusanyikapo katika uwanja huo kusherehekea siku ya Mtakatifu George kwa ngoma, vyakula na mavazi ya kale, hatua chache kutoka hapo limesimama jiwe linalowakumbusha kwamba kuipenda nchi ni jambo jema, lakini si mwisho wa wema.

Bendera isiyoshikwa na wengi

Haya inaweza kuwa adabu, lakini ina hatari yake. Kitu kisichoshikwa na wengi hushikwa na wachache, na mara nyingine wachache hao si wema. Historia ya bendera ya Uingereza katika miaka 60 iliyopita yaonyesha jambo hilo waziwazi.

Tarehe 30 Julai 1966 Uingereza ilitwaa Kombe la Dunia pale Wembley kwa kuifunga Ujerumani Magharibi mabao 4 kwa 2. Anayetazama picha za siku ile huona kwamba bendera nyingi mikononi mwa mashabiki ni zile za Britania, wala si msalaba mwekundu wa George. Hata yule simba aliyechorwa kuwa alama ya mashindano alivalishwa fulana ya bendera ya Britania. Mwaka uliofuata, 1967, kilianzishwa chama cha National Front kilichotaka watu weusi na Waasia waondolewe katika nchi. Katika miaka ya 1970 chama hicho kiliandamana mitaani kikiwa na bendera mbele, na kwa wakazi waliotoka Karibi, Bara Hindi na Afrika bendera ikawa dalili ya kufunga mlango na kuwaita watoto ndani. Wenyeji wengi wenye moyo mwema nao wakaiacha, wasije wakadhaniwa kuwa wafuasi wa watu wale.

Lakini nje ya mikutano ya siasa mambo mengine yalikuwa yakitendeka. Tarehe 29 Novemba 1978 Viv Anderson, aliyezaliwa Nottingham na wazazi waliotoka Karibi, aliichezea timu kubwa ya Uingereza, akawa mchezaji mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1996 mashindano ya mataifa ya Ulaya yalipofanywa Uingereza, uwanja wa Wembley ulijaa misalaba ya George. Katika mashindano hayo Uingereza ilicheza na Uskoti, na mashabiki walitambua kwamba bendera ya Britania ni ya wote wawili. Timu ilitolewa na Ujerumani kwa penalti katika nusu fainali, lakini bendera haikurudi kabatini.

Hata hivyo shaka haikwisha. Mwezi wa Novemba 2014 mbunge mmoja wa chama cha Labour, aliyekuwa katika safu ya mbele ya upinzani, alitangaza picha ya nyumba moja huko Rochester iliyotundikwa misalaba ya George. Hakuandika neno la matusi, lakini watu waliiona picha hiyo kuwa ni dharau ya msomi wa London kwa watu wa kawaida, na siku hiyo hiyo alilazimika kuacha cheo chake. Tukio hili dogo lafundisha mengi. Bendera moja ilikuwa na maana mbili: kwa mwenye nyumba na kwa mpita njia.

Tarehe 11 Julai 2021 Uingereza ilishindwa na Italia kwa penalti katika fainali ya Ulaya. Vijana watatu waliokosa, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, wote ni weusi na wote wamezaliwa Uingereza. Saka, mwenye umri wa miaka 19 wakati ule, ni mtoto wa wazazi kutoka Nigeria. Walitukanwa kwa rangi yao usiku ule ule, na mchoro wa Rashford ukutani huko Withington, Manchester, ukachafuliwa. Lakini siku zilizofuata watu wa mtaa walikuja mmoja mmoja, wazee na watoto, wakaufunika uchafu ule kwa barua, maua na bendera. Mwezi mmoja kabla ya hapo mwalimu wa timu, Gareth Southgate, alikuwa amewaandikia wananchi barua ya wazi, akieleza kwamba kuipenda Uingereza na kusema dhidi ya ubaguzi si mambo yanayopingana.

Mabishano yangaliko. Katika kiangazi cha mwaka 2025 bendera za George na za Britania zilitundikwa kwa wingi kwenye nguzo za taa katika miji mingi ya Uingereza. Wako waliosema kuwa ni furaha tu ya kuipenda nchi, na wako waliosema kuwa ni onyo kwa wahamiaji. Pengine wote wawili walisema kweli, kila mmoja juu ya mtaa wake.

Jina linalotegemea mpangilio wa maswali

Mwaka 1999 Uskoti ilipata bunge lake, na Welisi baraza lake. Uingereza haikupata. Siku ya Mtakatifu Andrea ni siku ya mapumziko katika Uskoti kwa sheria ya mwaka 2007, na ile ya Mtakatifu Patrick ni ya mapumziko katika Ayalandi ya Kaskazini. Tarehe 23 Aprili watu wa Uingereza huenda kazini kama kawaida.

Sensa za nchi hiyo zatupa ushahidi mwingine. Mwaka 2011, kwa mara ya kwanza, wakazi wa Uingereza na Welisi waliulizwa wanajihesabu kuwa watu wa taifa gani. Asilimia 57.7 walijibu kuwa ni Waingereza tu, na asilimia 19.1 kuwa ni Wabritania tu. Mwaka 2021 swali liliulizwa tena, na waliojiita Waingereza tu walishuka hadi asilimia 14.9, ilhali waliojiita Wabritania tu walipanda hadi asilimia 54.8. Je, mamilioni ya watu waligeuka mioyo katika miaka 10? Wataalamu wa takwimu wametoa tahadhari kwamba mpangilio wa majibu ulibadilishwa, na safari hii jina la Mbritania liliwekwa la kwanza kwenye orodha kwa wakazi wa Uingereza. Yaonekana basi kwamba kwa wengi majina hayo mawili ni kama milango miwili ya nyumba moja, na mtu huingia kwa ule alioukuta mbele yake. Hatudhani kwamba Mskoti angebadilisha jina lake kwa sababu karatasi imepangwa vingine.

Faida kwa mwalimu

Kutokana na habari hii twaona mambo matatu yanayofaa kupelekwa darasani.

La kwanza ni la msamiati. Inafaa wanafunzi wa madarasa ya juu wafundishwe kutofautisha Mwingereza na Mbritania, Uingereza na Britania. Mazoea ya mtaani hayatabadilika upesi, wala si lazima yabadilike. Lakini mfasiri anayetafsiri habari za kura ya Uskoti ya mwaka 2014, kwa mfano, atapotea kabisa asipokuwa na maneno mawili.

La pili lahusu lugha na taifa. Mwingereza alipata utaifa wake kwa kukirudisha Kiingereza barazani, kisha Kiingereza kikaenea duniani hata hakimtambulishi tena. Mwelisi akisema lugha yake, hujulikana kuwa Mwelisi. Mwingereza akisema yake, huenda akadhaniwa kuwa mtu wa Toronto au wa Sydney. Sisi wa Kiswahili tunalijua swali hilo, kwani mabishano juu ya nani aitwe Mswahili ni ya siku nyingi, na yalizidi kadiri lugha ilivyosafiri kutoka pwani kwenda bara na kufika kwetu Uganda. Lugha inayopewa watu wote huacha kuwa uzio wa wenyewe. Wenyewe hawana budi basi kutafuta alama nyingine ya kujitambua, na ni heri waitafute kwa utulivu kuliko kwa hasira.

La tatu ndilo kubwa. Katika neno uzalendo masikio yetu husikia kitenzi zaa, na kwa hiyo tunaelekea kudhani kwamba mzalendo ni yule aliyezaliwa mahali, basi. Historia ya Uingereza yatuonya. Mlinzi wao George hakuzaliwa kwao. Mfalme aliyetetewa na Defoe hakuzaliwa kwao. Orwell, aliyeieleza vizuri zaidi tabia ya nchi hiyo, alizaliwa Bara Hindi. Kwa upande mwingine, vijana wale watatu wa mwaka 2021 walizaliwa pale pale, na bado waliambiwa na baadhi ya watu kwamba si wa pale. Kuzaliwa peke yake hakukuwasaidia hao vijana, wala hakukuwazuia hao wengine. Kilichoamua ni mapokezi ya wenye nchi: kumchukua mtu akawa wao, au kumkataa.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu atakapofundisha neno uzalendo, na aliandike ubaoni pamoja na methali hiyo, kisha awaulize wanafunzi wake kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika moyo mmoja. Watu wa Withington, waliosimama mbele ya ukuta uliochafuliwa wakiwa na maua na bendera mkononi, walionyesha kwamba yanaweza.